Dalili ya Mvua ni Mawingu: Jeni Zinasema Nini Kuhusu Saratani ya Ini?

Mswahili akiumizwa sana na maneno husema amekatwa maini. Mwaka huu sisi wa chama cha Kiswahili, ambao wazazi wetu walitoka Mombasa, Mwanza, Zanzibar na Bukavu, tumelisikia neno ini kwa maana yake ya hospitalini. Ndugu akiambiwa ana saratani, simu hutufikia: “Nyinyi mnaosoma huko Marekani, tuelezeni. Kile kipande walichokata kinapimwa nini? Atapona?” Basi tukakaa pamoja, wa biolojia na wa fasihi, tutafute jibu ambalo shangazi atalielewa.

Tuanze na kipande chenyewe. Hulowekwa katika formalini, kikahifadhiwa ndani ya nta, kisha kikakatwa vipande vyembamba sana. Humo maabara husoma mambo mawili: jeni zipi zimebadilika, na jeni zipi zinafanya kazi kupita kiasi au zimezimika. Hizo ndizo alama za jeni. Watafiti huzitazama kama mkulima anavyotazama mawingu, ingawa si kila wingu hunyesha.

Jeni moja maarufu ni TP53. Kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Yenyewe ikiharibika, uvimbe mara nyingi huwa mkali na mgonjwa huishi muda mfupi zaidi. Mwaka 2004 Ju-Seog Lee na Snorri Thorgeirsson walichapisha uchunguzi wa uvimbe wa ini 91. Kwa kuangalia jeni zilizokuwa zikifanya kazi, waliwagawa wagonjwa katika makundi mawili. Wale ambao jeni zao za kuhimiza seli kugawanyika zilikuwa zimechachamaa ndio waliokufa mapema zaidi.

Lakini mwaka 2008 yalitoka matokeo yaliyotushangaza. Yujin Hoshida na wenzake walisoma vipande vya zamani, vingine vikiwa vimekaa kwenye nta zaidi ya miaka 20. Kwa wagonjwa wale, jeni za uvimbe hazikuonyesha nani ataishi zaidi. Zilizoonyesha ni jeni 186 za ini lililokuwa kando ya uvimbe! Ukifikiri kidogo, inaeleweka. Saratani hii kwa kawaida huota kwenye ini lililokwisha kuumizwa na virusi, pombe au mafuta, likajaa makovu. Daktari anaweza kuling’oa gugu, lakini shamba limebaki lile lile, na gugu jingine linaweza kuota.

Kuna alama nyingine inayotugusa zaidi. Mwaka 1991 timu mbili, moja ikichunguza wagonjwa wa Qidong, China, na nyingine wa kusini mwa Afrika, zilikuta badiliko lile lile mahali pale pale: nafasi ya 249 ya TP53. Badiliko hilo linahusishwa na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Ikikutana na homa ya ini ya B, hatari ya saratani huongezeka sana. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 wakafa. Hao waliuawa na sumu yenyewe kwa muda mfupi. Saratani huletwa na ile inayoliwa kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi.

Sasa tujiulize, vipande hivi vilitoka kwa nani? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulisoma uvimbe wa wagonjwa 363. Wengi wao walikuwa Wazungu na watu wenye asili ya Asia, na Weusi walikuwa wachache mno. Kwa hiyo anapohesabiwa mjomba aliyekula ugali wa mahindi ya ghalani maisha yake yote, huenda anapimwa kwa mizani ya watu wengine. Hatusemi sayansi hiyo ni ya uongo. Tunasema haijakamilika mpaka na maini ya kwetu yasomwe.

Basi shangazi akipiga simu, tumjibu hivi. Kwanza, alama ya jeni si hukumu. Inaeleza yaliyowapata wengi, na haimtajii mtu mmoja siku zake. Pili, matibabu bado huamuliwa zaidi kwa ukubwa na idadi ya uvimbe, hali ya ini na nguvu za mgonjwa. Mara nyingi saratani hii hutambuliwa kwa picha za CT au MRI bila kukata kipande, kwa hiyo asidhani daktari amezembea.

Tatu, tumuulize yeye mwenyewe: amepimwa homa ya ini ya B? Kenya na Tanzania zilianza kuwachanja watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wazazi wetu walizaliwa kabla ya hapo. Hapa Marekani, tangu 2023, CDC inashauri kila mtu mzima apimwe walau mara moja. Ni kipimo cha damu tu. Asiye na virusi wala kinga atachanjwa, na mwenye virusi atafuatiliwa, akihitaji dawa atapewa, kabla ini halijaharibika. Tuwaulize wazazi wetu wikendi hii, nasi tupimwe pamoja nao.