Kamera Isiyo na Kioo na Kamera ya Mfukoni: Ukubwa wa Kihisi Ndio Unaoamua

Kamera mbili zinaweza kuandikwa takriban idadi moja ya megapikseli kwenye masanduku yake, zikauzwa katika duka moja, na bado zikatoa picha zisizokaribiana kwa ubora mara tu mwanga unapopungua. Canon IXUS 285 HS, kamera ndogo ya mfukoni iliyotoka mwaka 2016, ina megapikseli 20.2, yaani nukta milioni 20.2 zinazojenga kila picha. Sony A6000, kamera isiyo na kioo iliyotoka mwaka 2014, ina megapikseli 24.3. Mnunuzi anayelinganisha namba hizo peke yake atadhani kwamba vifaa hivi viwili vinakaribiana, na kwamba uzito wa gramu 147 wa kile cha kwanza, dhidi ya gramu 460 hivi za cha pili pamoja na lenzi yake ya kawaida, unatosha kumaliza mjadala. Namba yenye uzito zaidi ni nadra kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye sanduku, nayo ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme ambao hatimaye huwa picha.

Jina la kamera isiyo na kioo hueleweka kwa kukumbuka kamera zilizoitangulia. Kwa miongo kadhaa wapigapicha wa magazeti na wa studio walitumia kamera zenye kioo kilichoinama kwa nyuzi 45 nyuma ya lenzi, ambacho kiliurusha mwanga juu hadi kwenye prizimu na kutoka hapo hadi kwenye jicho la mpigapicha. Kitufe kilipobonyezwa kioo kilinyanyuka, mwanga ukapita hadi kwenye filamu au kihisi, kisha kioo kikarudi mahali pake. Mpango huo ulifanya kazi vizuri, lakini ulihitaji nafasi: katika kamera za Nikon zilizofuata mfumo ulioanzishwa mwaka 1959, umbali kati ya mahali lenzi inapofungwa na mahali picha inapoangukia ni milimita 46.5, wakati katika mfumo wa Nikon usio na kioo, uliotangazwa mwaka 2018, umbali huo ni milimita 16 tu. Kioo kilipoondolewa, mwanga uliachwa uanguke moja kwa moja kwenye kihisi, na mpigapicha akaanza kutazama kwenye skrini ya nyuma, au katika kitazamio cha kielektroniki, yaani skrini ndogo iliyofichwa ndani ya tundu la kuwekea jicho, ambamo huiona picha karibu kabisa na itakavyotoka kabla hajabonyeza kitufe.

Panasonic ilitoa kamera yake ya G1 mwaka 2008, ya kwanza katika mfumo iliouanzisha pamoja na Olympus. Sony ikafuata mwaka 2010, na mwaka 2013 ikatoa A7 yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, kipimo kilekile cha filamu ya kawaida ya zamani. Kufikia mwaka 2020 kamera zisizo na kioo zilizosafirishwa na viwanda zilikuwa zimezipita kwa idadi zile zenye kioo.

Kamera ya mfukoni nayo haina kioo, na haijawahi kuwa nacho, hivyo kinachozitenga aina hizi mbili lazima kitafutwe kwingine. Historia yake ilianza mapema zaidi. Canon ilitoa IXUS ya kwanza ya kidijitali mwaka 2000 ikiwa na megapikseli 2.1, na mwaka 2002 Casio ilitoa Exilim EX-S1, kamera yenye unene wa milimita 11.3, iliyoweza kukaa katika mfuko wa shati. Wembamba huo hupatikana kwa masharti ambayo mhandisi hana namna ya kuyakwepa: lenzi haiwezi kubadilishwa kwa kuwa imejengwa ndani ya mwili wa kamera, vipande vyake vya kioo ni vidogo ili viweze kukunjana kamera inapozimwa, na lenzi ndogo kiasi hicho huweza kuangazia eneo dogo tu, ndiyo maana kihisi chenyewe hakina budi kuwa kidogo.

Udogo huo ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kihisi cha IXUS 285 HS kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi, yaani eneo la milimita za mraba 28, wakati kile cha Sony A6000 kina milimita 23.5 kwa 15.6, eneo linalokaribia milimita za mraba 367. Kihisi cha pili ni kikubwa mara 13 kuliko cha kwanza, na kile cha A7, chenye milimita za mraba 864, kinazidi mara 30. Kwa kuwa idadi ya nukta katika kamera hizi mbili haitofautiani sana, kila nukta ya A6000 ina nafasi ya kupokea mwanga mara 11 hivi ya nukta ya IXUS.

Hapa inafaa kueleza kwa nini nafasi hiyo ina maana kubwa, kwa sababu jambo hili ndilo msingi wa mengine yote. Mwanga hufika kwenye kihisi kama mvua ya chembe ziitwazo fotoni, nazo haziji kwa mpangilio ulio sawa: hata ukuta mweupe unaomulikwa na taa ileile hutuma chembe nyingi kidogo kwenye nukta moja na pungufu kidogo kwenye nukta ya jirani. Kanuni ya hisabati inasema kwamba mtawanyiko huo hulingana na kipeuo cha pili cha idadi ya chembe, kwa maana ya ile namba inayozaa idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Nukta iliyopokea chembe 10,000 itayumba kwa takriban chembe 100, ambayo ni asilimia 1 na jicho halitaiona. Nukta iliyopokea chembe 100 tu itayumba kwa chembe 10, ambayo ni asilimia 10, na ukuta uliokuwa mweupe utaonekana umejaa chembechembe za rangi. Kwenye jua la saa sita mchana hata nukta ndogo hupata mwanga wa kutosha, na ndiyo sababu picha za ufukweni zilizopigwa kwa kamera ya mfukoni hupendeza kweli. Ndani ya ukumbi wa harusi saa tatu usiku, chini ya taa za rangi, nukta hizo hushinda na njaa ya mwanga, na programu ya kamera hujaribu kufuta chembechembe kwa kulainisha picha nzima, mpaka nywele zinakuwa kama zimepakwa rangi kwa brashi na nakshi za hina mikononi zinapotea.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakuna ongezeko la megapikseli linaloweza kukiondoa. Mwanga unapopita katika tundu dogo hutawanyika, hivyo nukta moja ya nyota haiangukii kihisi kama nukta bali kama duara dogo. IXUS 285 HS inapovutwa hadi mwisho wa uwezo wake, tundu la lenzi huwa na kipimo cha f/7, kipimo kinachopatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu, na kwa kipimo hicho duara hilo lina upana wa takriban maikromita 9, wakati nukta moja ya kihisi ina upana wa maikromita 1.2. Kila nukta ya mwanga basi inasambaa juu ya nukta kadhaa za kihisi, na sehemu kubwa ya hizo megapikseli 20.2 inanakili ukungu uleule mara nyingi. Mnunuzi anayelipia megapikseli zaidi katika kihisi kidogo namna hii anapata faili kubwa tu.

Faida ya kihisi kikubwa inayowahusu moja kwa moja wapigapicha wa Afrika Mashariki ni upana wa mwanga ambao kamera inaweza kuubeba katika picha moja, kutoka kivuli kizito hadi weupe unaong'aa. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa shela jeupe, au mzee aliyevaa kanzu mbele ya msikiti mchana wa jua kali, huitaka kamera ihifadhi nyuzi za kitambaa na wakati huohuo ioneshe macho, mikunjo na rangi halisi ya uso. Kihisi kidogo hujaa haraka kwenye weupe, na kikilindwa kisijae kwa kupunguza mwanga, uso huzama gizani. Mpigapicha hulazimika kuchagua kati ya mtu na nguo yake, na huo ni uchaguzi ambao hakuna mteja anayestahili kufanyiwa. Kamera isiyo na kioo huongeza msaada mwingine, kwani inaweza kuhifadhi faili ghafi, yaani kumbukumbu ya kila kilichopokewa na kihisi kabla programu haijachagua cha kubakiza. Faili ya kawaida ya JPEG hugawa kila rangi katika ngazi 256 za mwanga, lakini faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, hivyo uso uliotoka mweusi kupita kiasi unaweza kuinuliwa baadaye kwenye kompyuta ukarudi katika rangi yake. IXUS 285 HS haitoi faili ghafi hata kidogo.

Uwezo wa kubadilisha lenzi unastahili uzito uleule, na pengine zaidi, kwa mtu anayekusudia kuishi kwa kazi hii. Lenzi rahisi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ina tundu la kipenyo cha milimita 28 hivi. Lenzi ya IXUS, ikiwa haijavutwa, ina tundu lisilofika milimita 1.3. Tundu pana huingiza mwanga mwingi, na pia ndilo linaloiacha sura ya mtu ikiwa kali huku mandhari ya nyuma yakiyeyuka kuwa rangi laini, mtindo ambao wateja wa picha za harusi na mahafali huuomba sana. Kwa sababu hiyo ni busara zaidi kununua mwili wa kamera uliokwisha kutumika, ambao umekaguliwa vizuri, na kuweka fedha iliyobaki kwenye lenzi moja nzuri, kuliko kununua mwili mpya wa bei ghali na kubaki na lenzi iliyokuja nao.

Kamera ya mfukoni ina haki yake. Ni nyepesi, haiwatishi watu, watoto na wazee hawakakamai mbele yake, na IXUS 285 HS huvuta mara 12 bila lenzi ya pili wala begi. Mtu asiyetaka kujifunza chochote anaweza kuiwasha na kupiga. Hata hivyo hoja hizo zilikuwa na nguvu zaidi kabla ya simu janja, ambayo ni nyepesi vilevile, huwa mkononi muda wote, na huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa mfululizo wa haraka kuwa moja ili kupunguza chembechembe na kuokoa weupe. Idadi ya kamera za kidijitali zilizosafirishwa na viwanda ilizidi milioni 120 mwaka 2010, na mwaka 2023 ilikuwa chini ya milioni 8. Sehemu kubwa ya kilichopotea ni kamera ndogo zenye lenzi isiyobadilika. Katika miaka ya karibuni vijana wa nchi nyingi wamezirudia kwa kupenda rangi na mwako wa flashi za picha za zamani, na hayo ni mapenzi halali, mradi anayenunua ajue kwamba ananunua mtindo.

Ipo njia ya kati. Mwaka 2012 Sony ilitoa RX100, kamera ya gramu 240 inayoingia mfukoni, yenye kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho eneo lake ni zaidi ya mara nne ya kile cha IXUS, na ambayo hutoa pia faili ghafi. Kwa msafiri au mwandishi wa habari asiyeweza kubeba begi, kamera za namna hiyo zinafaa kuliko zile nyembamba zaidi.

Matunzo nayo hutofautiana. Lenzi ya kamera isiyo na kioo inapofunguliwa, kihisi hubaki wazi, kwa hiyo haifai kubadilishwa kando ya barabara ya vumbi au kwenye upepo wa ufukweni. Kamera ya mfukoni haina hatari hiyo, lakini punje chache za mchanga zikiingia kwenye mikono ya lenzi yake inayotoka na kurudi, huweza kuikwamisha kabisa, na mara nyingi gharama ya ukarabati hukaribia thamani ya kamera yenyewe. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar unyevu wa hewa huotesha kuvu ndani ya lenzi zilizofungiwa kabatini kwa miezi, hivyo chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli vinavyofyonza unyevu, ni vya lazima kama betri ya akiba.

Mwenye simu nzuri na asiyekusudia kupiga picha kwa malipo hana sababu ya kununua kamera ya mfukoni yenye kihisi kidogo, na anayekusudia kulipwa asianze nayo. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize vipimo vya kihisi kwa milimita, aende dukani na kadi yake ya kumbukumbu, apige picha ya uso wa mtu aliyesimama kwenye kona yenye giza kuliko zote dukani, kisha aikuze picha hiyo kwenye kompyuta nyumbani, na hapo ndipo aamue.