Mashine Husema Kabla ya Kuvunjika

Dalili ya mvua ni mawingu, na mashine kubwa ni nadra kuvunjika bila kutoa dalili. Tunasema hivyo tukikumbuka ajali ya tarehe 17 Agosti 2009 katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya, kwenye mto Yenisei, huko Siberia nchini Urusi.

Kituo hicho kilikuwa na turbini 10, kila moja ikiwa na uwezo wa megawati 640. Saa mbili na dakika 13 asubuhi, mfuniko wa turbini nambari 2 uling'oka, maji yakafurika ndani ya jumba la mitambo na watu 75 wakapoteza maisha. Ripoti ya mamlaka ya usalama wa viwanda ya Urusi, iliyotolewa Oktoba mwaka huo huo, ilieleza kuwa kati ya boliti 49 za mfuniko zilizochunguzwa, 41 zilikuwa na nyufa. Mtetemo kwenye beringi ya turbini ulikuwa umefika milimita 0.84, ilhali mwisho ulioruhusiwa ni 0.16. Mashine ilitikisika zaidi ya mara tano ya kiwango, na bado ikaachwa izalishe umeme.

Ndugu msomaji, jambo hili haliwahusu Warusi peke yao. Pampu ya maji ya mji, feni ya kiwanda cha saruji na mitambo ya mafuta ya huku Ghuba, zote zina shafti inayozunguka juu ya beringi, na zote huugua kwa namna zinazofanana. Fundi hupima mtetemo, joto na hali ya mafuta ya kulainishia, kisha huandika na kulinganisha na vipimo vya mwezi uliopita. Namba moja peke yake haisemi mengi. Namba inayopanda kila wiki ndiyo inayotisha.

Mtetemo wenyewe una lugha yake. Mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kwa sekunde. Ikitetemeka mara 25 kwa sekunde, mara nyingi uzito wake haukukaa sawa. Ikitetemeka mara 50, fundi hushuku kwamba shafti ya mota na ya pampu hazikulala katika mstari mmoja.

Kuziweka katika mstari mmoja ndiyo kazi ambayo mafundi huiita alaimenti. Zamani walitumia rula na jicho, baadaye geji ya mshale, na siku hizi mwanga wa leza. Kasoro husahihishwa kwa kuweka vibati vyembamba chini ya miguu ya mota, kwa vipimo vya sehemu ya mia ya milimita. Joto nalo lazima lihesabiwe: chuma cha nusu mita kikiongezeka joto kwa nyuzi 50 hurefuka kama milimita 0.3, hivyo shafti zilizonyooka mashine ikiwa baridi zaweza kupinda mstari ikishapata moto. Kazi hii ikipuuzwa, beringi huungua, sili huvuja na umeme hupotea bure.

Nyumbani Tanzania, Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina turbini tisa za megawati 235 kila moja. Ni mali ya wananchi, na itatunzwa na vijana watakaofundishwa kuisikiliza. Lakini kupima peke yake hakutoshi. Kule Yenisei namba zilikuwepo, ila hakuna aliyeizima mashine. Kwa hiyo tunaona kila kituo kiandike wazi: mtetemo ukivuka kiwango, fundi wa zamu ana amri ya kuzima papo hapo, bila kusubiri simu ya mkubwa na bila kuogopa kulaumiwa kwa umeme uliokatika.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kule Siberia ukuta ulijengwa upya kwa miaka mitano, lakini wale 75 hawakurudi.