Vijana Waliokwenda Labrador na Kupewa Jembe

Labda unasoma maneno haya ukiwa umelala kitandani, au ukiwa umekaa nje ya wodi ukimngoja mgonjwa wako. Labda asubuhi hii umeteka maji, umepasua kuni, umempikia mgonjwa uji. Wengine huona kazi hizo ni ndogo, nao husema kwamba kazi ya kuponya ni ya daktari na muuguzi tu. Leo tutakueleza habari za vijana waliosafiri mbali sana, wakavuka bahari yenye barafu kwa nauli zao wenyewe, ili wafanye kazi kama hizo zako. Walifanya hivyo kila mwaka wakati wa majira ya joto, bila kupata hata faranga moja.

NCHI YA BARIDI NA WATU WAKE

Upande wa kaskazini mashariki wa Kanada kuna nchi iitwayo Labrador. Pwani yake ni mawe matupu. Kwa muda mrefu wa mwaka bahari huganda ikawa barafu, hata meli haziwezi kupita. Majira ya joto ni mafupi, kama miezi mitatu tu. Usifikiri kwamba miezi hiyo ni ya raha. Mbu na visubi hutoka kwa wingi na kuuma watu uso na mikono, ingawa mbu wa huko hawaleti malaria.

Zamani, kila majira ya joto, maelfu ya wavuvi walifika pwani hiyo kutoka kisiwa cha Newfoundland. Walivua samaki wakubwa, wakawatia chumvi na kuwakausha, kama makayabu tunayonunua sokoni. Mvuvi akivunjika mkono au akishikwa na homa ya mapafu, hakuwa na wa kumtibu.

Mwaka 1892 daktari Mwingereza jina lake Wilfred Grenfell alifika huko kwa meli ndogo. Alikuwa kijana wa miaka 27, aliyetumwa na misheni ya wavuvi. Katika majira yale mamoja ya joto alitibu wagonjwa zaidi ya 900. Aliona watoto wenye matege, watu wenye kifua kikuu wakilala chumba kimoja na jamaa zao wote, na wanaume wenye nguvu ambao miguu yao ilikuwa imekufa ganzi. Hakuweza kuwasahau. Mwaka uliofuata hospitali ya kwanza ilifunguliwa mahali paitwapo Battle Harbour. Baadaye zilifuata nyingine, Indian Harbour na St. Anthony.

KWA NINI VIJANA WALIKUJA

Hospitali zahitaji fedha. Kwa hiyo Daktari Grenfell alizunguka katika Marekani na Uingereza, akihubiri na kusimulia habari za kazi yake. Alikuwa na mengi ya kusimulia. Katika mwezi wa Aprili 1908 aliitwa kwa kijana mgonjwa aliyekuwa mbali. Aliondoka na mbwa wake waliovuta gari la theluji, akakata njia juu ya bahari iliyoganda ili afike upesi. Barafu ilivunjika. Alitumbukia majini, kisha akapanda juu ya kipande kidogo cha barafu kilichoanza kuchukuliwa na upepo kwenda bahari kuu. Ili asife kwa baridi, alilazimika kuua mbwa watatu na kujifunika ngozi zao. Alikaa hapo usiku kucha. Asubuhi watu walimwona, wakaja kwa mashua wakamwokoa. Baadaye aliweka kibao cha kuwakumbuka mbwa wale watatu.

Vijana wa vyuo vikubwa vya Marekani waliposikia hayo, mioyo yao iliwaka. Walitaka kuona barafu, mashua na mbwa. Walitaka kusaidia pia. Tusiwalaumu, maana kijana amezaliwa na hamu ya kusafiri. Basi walianza kuja kila mwaka, wavulana na wasichana, kutoka vyuo kama Yale, Harvard na Princeton. Wengi walikuwa watoto wa watu wenye mali. Jina lao lilikuwa la herufi tatu, WOP, maana yake ni wafanya kazi wasio na mshahara.

KAZI WALIYOIKUTA

Je, walipewa nini walipofika? Hawakupewa visu vya upasuaji. Walipewa jembe, nyundo na vitu vya kubeba.

Meli ilipoleta makaa, mbao na magunia, wao ndio walioyashusha. Walichimba mitaro ya mabomba ya maji katika ardhi yenye mawe mengi. Walijenga nyumba na kuzipaka rangi. Wasichana wengine walifundisha watoto katika shule za miezi ile michache, wengine walisaidia wauguzi na kugawa nguo. Huko North West River shule yenyewe iliitwa Yale, kwa jina la chuo cha wanafunzi waliosaidia kuianzisha.

Huenda kijana mmoja alijiuliza, Je, nimesafiri siku nyingi baharini nije kuchimba mtaro? Lakini fikiri kidogo, msomaji. Daktari akimpasua mgonjwa, lazima anawe mikono. Shuka zenye damu lazima zifuliwe. Vyombo lazima vichemshwe. Maji hayo yote yatoka wapi? Muuguzi akitumia nusu ya siku kuteka maji kwa ndoo, ni nani atakayemgeuza mgonjwa kitandani? Bomba la maji lililo safi huzuia kuhara na kuoza kwa vidonda. Kwa hiyo mtaro ule ulikuwa dawa, ingawa haukutiwa katika chupa.

UGONJWA ULIOTOKA KATIKA GUNIA LA UNGA

Hospitali za Labrador na Newfoundland zilijifunza jambo lingine, nalo latufaa sana sisi. Tulisema kwamba Daktari Grenfell aliona wanaume ambao miguu yao ilikufa ganzi. Ugonjwa huo ni beriberi. Mtu huanza kuchoka, miguu huwa mizito na hukosa hisia, mara nyingine huvimba. Ukizidi, moyo hushindwa na mtu hufa.

Katika miezi ya baridi watu wale waliishi kwa kula mkate wa unga mweupe wa ngano, chai na asali nyeusi ya miwa. Walipenda unga mweupe kwa sababu unapendeza macho. Lakini unga ule umeondolewa ganda la ngano, na katika ganda ndimo ilimo vitamini inayoitwa B1, inayolinda mishipa ya fahamu na moyo.

Mwaka 1910 meli iliyobeba unga wa ngano isiyokobolewa ilikwama karibu na pwani ya Newfoundland. Ili meli iwe nyepesi, unga ule ulitolewa, nao watu wa jirani wakaula. Kwa muda wa mwaka mmoja baada ya hayo, hakuna mtu wa mahali pale aliyeonekana na beriberi! Daktari John Mason Little wa St. Anthony aliandika habari hiyo mwaka 1912, madaktari wengine wapate kujifunza. Tangu hapo watumishi wa misheni waliwahimiza watu kula unga usiokobolewa na kulima mboga, hata katika nchi ile ya baridi. Lakini desturi ya chakula haibadiliki upesi. Ni katika mwaka 1944 tu ndipo unga mweupe wa Newfoundland ulipoanza kuongezewa vitamini.

Basi usimcheke mtu wa Labrador. Je, nyumbani kwako hamchagui mchele uliokobolewa mpaka ukang'aa? Je, hakuna siku ambazo watoto hula ugali wa muhogo peke yake? Muhogo hushibisha, lakini vitamini hiyo ni kidogo sana ndani yake. Ugali uende pamoja na maharagwe, karanga, sombe, samaki au nyama, kadiri unavyoweza kupata.

KIJANA ALIYEKAA BAADA YA MELI KUONDOKA

Tutamtaja kijana mmoja kati ya wengi. Jina lake Elliott Merrick, Mmarekani aliyesoma Yale. Aliacha kazi ya ofisini iliyomchosha, na mwaka 1929 akaenda Labrador kama mfanya kazi asiye na mshahara. Alifanya kazi Indian Harbour, hospitali iliyokuwa juu ya kisiwa cha mawe, ambayo ilifunguliwa wakati wa wavuvi tu. Majira ya joto yalipokwisha, vijana wengine walirudi kwao. Merrick alibaki. Alikwenda North West River, ndani ya nchi, akawa mwalimu wa watoto. Huko Labrador alimpata pia mke, muuguzi Kate Austen aliyetoka Australia, nchi iliyo mbali zaidi.

Baada ya kuoana, mwaka 1930, walisafiri na wawindaji wa nchi ile mamia ya kilometa, kwa mitumbwi kupanda mto, kisha kwa miguu juu ya theluji. Hapo kijana msomi wa Yale aligeuka mwanafunzi. Wawindaji wasiokuwa na shahada yo yote walimwonyesha namna ya kuwasha moto katika theluji, kulala bila kuganda, na kugawa chakula kidogo kwa siku nyingi. Merrick aliandika kitabu juu ya mambo hayo, kikatoka mwaka 1933. Mwaka 1942 akaandika kingine, juu ya kazi ya mkewe katika hospitali.

Hili ndilo tunalotaka ulikumbuke. Kijana aliyekuja kutafuta ajabu aliipata, lakini aliipata kwa kukaa, kwa kutumika, na kwa kukubali kufundishwa na wenyeji. Anayepita haraka huona milima na mito, kisha huenda zake. Anayekaa na kutumika huwajua watu.

MSAFIRI AWEZA KULETA MAUTI

Lakini si kila kinachofika kwa meli ni msaada. Mwaka 1918, mwezi wa Oktoba na Novemba, meli ya misheni iitwayo Harmony ilipita katika vijiji vya kaskazini mwa Labrador ikileta vyakula na bidhaa, kama ilivyofanya kila mwaka. Watu waliipokea kwa furaha. Hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na homa kali ya mafua iliyokuwa ikienea duniani mwaka ule. Katika kijiji cha Okak mlikuwa na watu 263. Waliokufa ni 204. Hapakubaki watu wa kutosha hata kuzika. Kijiji kiliachwa.

Waliokuja na meli ile hawakuwa na nia mbaya. Hata hivyo ugonjwa hauulizi nia ya mtu. Sisi wa Kongo twalijua jambo hili kwa uchungu, maana tuliona Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu 2018 hadi 2020, jinsi ilivyosafiri pamoja na watu waliokwenda kuwaona jamaa zao au kuzika wafu wao. Ndiyo sababu muuguzi hukuambia unawe mikono mlangoni. Usimkasirikie. Anakulinda wewe, na kijiji utakachorudi.

NA WEWE JE?

Mwaka 1981 serikali ilichukua kazi za hospitali za Grenfell. Siku zile za vijana kushusha makaa zimekwisha. Lakini hapa kwetu kazi ya jembe haijakwisha, wala huhitaji kuvuka bahari ili uipate. Kijana, ukiwa na likizo ya shule, au wewe mkristo mwenye siku moja tu katika juma, yaangalie haya:

1. Chemchemi ya kijiji chenu yahitaji kulindwa. Ijengeeni ukuta na bomba, na kuizungushia ua ili mbuzi na ng'ombe wasiingie.

2. Mjane au mzee asiye na choo yupo karibu nawe. Umchimbie. Choo kiwe mbali na chemchemi, angalau mita 30, tena kiwe upande wa chini, si wa juu.

3. Mgonjwa asiye na jamaa yupo katika wodi. Umtekee maji, umpikie ugali pamoja na maharagwe. Muulize muuguzi kwanza kama mgonjwa ameruhusiwa kula.

4. Ukiwa na kikohozi, homa au kuhara, usiende kuwasalimu wagonjwa siku hiyo. Tuma salamu kwa mtu mwingine.

5. Ukisafiri kwenda kusaidia mahali pengine, hakikisha umepata chanjo zako, ulale ndani ya chandarua, unywe maji yaliyochemshwa. Msaidizi aliyeugua huwa mzigo kwa wale aliokuja kuwasaidia.

6. Kabla ya kuanza kazi, waulize wenyeji wanahitaji nini. Kisha fanya hiyo, hata kama ni kubeba mawe.

Kama hujui pa kuanzia, nenda kesho asubuhi kwa muuguzi mkuu au kwa wazee wa kanisa, uwaulize. Hawatakosa kazi ya kukupa. Chukua na jembe lako.