Mbwa Akikuangusha na Baskeli: Lipi Lifanywe Kwanza



Msimu wa karafuu ukiingia, njia zetu za mashamba hazina utulivu. Alfajiri wachumaji wanakwenda, jioni wanarudi na mapakacha, na baada ya siku chache za jua baskeli zinapita na magunia ya karafuu kavu kwenda kituoni. Mbwa nao wapo: mbwa wa wasasi, mbwa wa walinzi wanaofukuza tumbili, na wale ambao hawajulikani ni wa nani. Mbwa akiona gurudumu linazunguka na miguu inapanda na kushuka, hulikimbilia kama anavyomkimbilia mnyama. Mpandaji akirusha teke usukani humponyoka, au mbwa mwenyewe huingia mbele ya gurudumu, na wote wawili wakawa chini.

Tumeona yafaa tueleze kwa taratibu lipi lifanywe kwanza na lipi lifuate, maana aghalabu watu hufanya kinyume. Mtu akianguka na gunia, kwanza hukusanya karafuu zake. Kisha hutafuta jiwe la kumpiga mbwa. Halafu hugombana na mwenye mbwa. Mwili wake huuangalia usiku, akienda kulala. Karafuu zaweza kungoja, na ugomvi pia waweza kungoja. Jeraha la mbwa halingoji.

KABLA HUJAINUKA

Ukianguka usikurupuke. Ikiwa mbwa bado yupo, iweke baskeli baina yako na yeye, usikimbie, wala usimkazie macho. Wengi wao hupoa kitu kikisimama. Kisha toka njiani, kwani gari linaloshuka mlima halikuoni ukiwa umelala juu ya lami.

Jitazame kuanzia kichwani. Aliyepiga kichwa chini asiachwe peke yake siku ile hata akisema hana neno. Akitapika, akisinzia kuliko kawaida, akisema ovyo, akiumwa na kichwa kinachozidi, au akitoka damu au maji masikioni, apelekwe hospitali upesi. Anayelalamika shingo asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Na atulizwe pale pale mpaka wapatikane watu wa kumbeba sawasawa.

Waangukao na baskeli huumia sana kiwiko cha mkono na mtulinga, kwa kuwa mtu hutanguliza mkono. Mkono usioinuka ufungwe kwa kanga au kitambi, uning'inie kifuani, na usivutwe wala usikandwe kabla daktari hajauona. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kitambaa safi kilichokazwa kwa kiganja. Ikisha kusimama, ndipo jeraha lioshwe.

JE, MENO AU MATE YAMEKUGUSA?

Hili ndilo swali kubwa, na watu wengi hulipita. Mwenye kuanguka huwa na michubuko magotini na viwikoni, na huihesabu yote kuwa ya lami. Itazame moja moja. Meno ya mbwa huenda yakaacha tundu dogo tu lisilotoa damu nyingi, chini ya suruali isiyochanika vibaya. Tena mbwa huweza kulamba mchubuko wa lami, au mate yake yakakurukia machoni au mdomoni. Yote hayo yahesabiwe sawa na kuumwa.

Sababu yake ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia penye ngozi iliyofunguka, na husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi 2 au 3. Pengine huwa wiki moja tu, na pengine hufika mwaka. Katika muda huo mtu hula, hulala na huchuma karafuu kama kawaida. Lakini dalili zikisha kuonekana, mtu akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu kila mgonjwa hufa, na hapana dawa ya kumrudisha. Shirika la Afya Duniani hukisia kuwa watu 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na katika kila wafu 10, kiasi cha 4 ni watoto waliochini ya miaka 15. Huzuni ya hesabu hii ni kwamba kinga ipo, na hufanya kazi ikitumiwa kwa wakati wake.

KUOSHA

Kinga ya kwanza ni maji na sabuni, nayo huanza pale pale kwenye nyumba iliyo karibu. Osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni yoyote, hata ya kufulia, kwa muda wa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, basi na amtake mwenzake aangalie saa. Kisha tia spiriti au ayodini ikiwa ipo.

Usitie mafuta ya taa, wala unga wa kahawa, wala majani ya kutafuna, wala chumvi, wala jiwe la kunyonyea sumu. Vitu hivi huziba jeraha au huliunguza, na mate ya mbwa hubaki ndani. Usilifunge jeraha kwa kulikaza, na kulishona ni kazi ya daktari akiona lazima.

Hapa tuseme neno juu ya tohara, kwani twajua kuwa wanachama wetu wengi hulifikiria mara wanapoguswa na mbwa. Kuosha mara saba, na moja kwa udongo, ni hukumu ya kuondoa najisi. Si dawa ya jeraha. Asitokee mtu akasugua udongo kwenye nyama iliyofunguka, kwani katika udongo ndimo vinamokaa vijidudu vya pepopunda. Anza na sabuni, nenda hospitali, na khabari ya tohara muulize mwalimu wako. Atakueleza namna inavyofanywa bila ya kujidhuru.

HOSPITALI NI SIKU ILE ILE

Ukisha kuosha, usilale nyumbani kungojea uone. Nenda siku ile ile, na mwambie daktari waziwazi: "Nimeumwa na mbwa." Ukisema tu kwamba umeanguka na baskeli, utatibiwa kuanguka. Kwetu Pemba hospitali zipo Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni. Ukiambiwa chanjo haipo hapo, usiihesabu kuwa ndiyo ruhusa ya kurudi kwako. Uliza iko wapi, uifuate.

Wazee wetu wanakumbuka sindano nyingi zilizokuwa zikipigwa tumboni, na kwa khofu ya hizo kuna watu hata leo hujificha. Sindano hizo zimeondoka. Chanjo ya siku hizi hupigwa mkononi, mara chache, kwa siku maalumu: ya kwanza siku unayofika, kisha siku ya 3, na siku ya 7, na nyengine kama daktari atakavyopanga. Asiikatize mtu kwa sababu jeraha limekauka, kwani kukauka kwa jeraha si dalili ya usalama. Aliyeumwa vibaya, au aliyeumwa kichwani, usoni au mikononi, huenda akahitaji pia dawa ya kinga inayodungwa pembeni mwa jeraha lenyewe. Mwanamke mja mzito na mwenye kunyonyesha nao huchanjwa, na watoto pia. Na aliyechelewa siku kadhaa aende vivyo hivyo; maadamu hajaona dalili, bado ana nafasi.

Hata asiyeumwa, mwenye mchubuko wa lami na mchanga tu, aulize khabari ya sindano ya pepopunda.

MBWA ASIUAWE, WALA ASIFICHWE

Hasira ya kwanza ni kumuua mbwa. Tunawaomba msifanye hivyo. Mbwa aliyemuuma mtu, naye ana kichaa mateni, ataugua au atakufa katika siku 10. Kwa hiyo akifungwa akaangaliwa siku 10 naye akabaki mzima, daktari hupata ushahidi mkubwa, na pengine huzisimamisha sindano zilizobaki. Lakini sindano ya kwanza haingoji siku hizo kumi. Mbwa akisha kuuawa na kutupwa msituni, ushahidi umetupwa pamoja naye. Ikiwa amekufa katika ajali yenyewe, msimshike kwa mikono mitupu, na aitwe afisa wa mifugo amtazame.

Na wewe mwenye mbwa, usimfiche. Twajua kinachowafanya watu wafiche: mtu akisikia jirani yake ameanguka, hufikiri mara moja juu ya fidia, akasema "Mbwa si wangu." Kwa neno hilo fedha huenda zikabaki mfukoni, lakini mwenzako hajui tena kama mate yale yalikuwa salama. Basi twapendekeza mazungumzo yawe mawili, na yasichanganywe. La kwanza, siku ile ile: mbwa ni wa nani, amechanjwa lini, yuko wapi, na anakula na kunywa kama kawaida? La pili, baada ya matibabu: nani atalipa nini? Mwenye kuumia akianza na la pili, mwenzake ataona kheri kunyamaza juu ya la kwanza.

SHEHA, POLISI NA FIDIA

Pale njiani chukua majina ya walioona, na ukumbuke saa, mahala, na rangi ya mbwa. Mpe khabari sheha, ili na wengine wanaopita njia hiyo, khasa watoto wa skuli, wajihadhari. Ajali iliyoleta majeraha ipelekwe pia polisi, ikaandikwe fomu ya PF3. Ndugu yako mmoja aweza kwenda kituoni wakati wewe unaosha jeraha. Weka stakabadhi za dawa, za nauli, na za fundi wa baskeli. Mengi ya mambo haya humalizwa mbele ya sheha kwa maelewano, na aliye na karatasi husikilizwa kuliko aliye na sauti kubwa.

BASKELI NA KARAFUU

Sasa ndipo tufike kwenye mali. Usiipande baskeli kabla ya kutazama uma wa mbele, usukani, breki na spoki. Uma uliopinda kidogo hubeba mtu peke yake bila ya taabu, lakini ukikatika chini ya gunia huleta ajali ya pili, mbaya kuliko ya kwanza.

Karafuu zilizomwagika zikusanywe na mtu mwengine. Zilizodondokewa na damu au mate zitupwe. Zilizobaki zipepetwe kwa ungo, mchanga na mawe yatoke, na zikiwa zimepata maji zirudishwe juani juu ya jamvi kabla ya kutiwa guniani, kwani karafuu mbichi chache huweza kuvundisha gunia zima. Kuzikimbiza kituoni pamoja na mchanga wake ni kujishushia daraja mwenyewe.

KINGA YA WOTE

Mwisho, tukumbuke yaliyotupata hapa hapa Pemba. Kwa kuwachanja mbwa kila mwaka kisiwa kizima, kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani mwezi wa Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea, na mwishoni mwa 2016 maradhi yakaingia tena mara mbili kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi kuanza upya kuchanja kisiwa kizima, hata yakaondoshwa mwezi wa Oktoba 2018. Bahari haikutulinda, kilichotulinda ni sindano za mbwa. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maradhi hukosa njia ya kuenea.

Kwa hiyo mwanachama aliye na mbwa wa shamba, au anayemruhusu mlinzi wake kuwa na mbwa, na ampeleke siku chanjo inapotangazwa, aiweke karatasi yake, na amfunge saa za magunia kupita. Na mwenye baskeli na atie kipande cha sabuni katika mfuko wa keria. Bei yake ni ndogo, na siku utakapokihitaji hutapata nafasi ya kwenda dukani.