Mpira Usioishi Bila Maji

Jenereta ya boti ikizima yenyewe katikati ya bahari, dizeli ipo na betri ni nzima, fundi mzoefu haanzi kufungua injini. Huuliza kwanza: maji yalikuwa yanatoka kwenye ekzosi? Mara nyingi swali hilo humfikisha kwenye kipande cha mpira kinachoenea kiganjani: impela ya pampu ya maji ya bahari.

Uzito wa kipande hicho unaonekana ukipiga hesabu ya joto. Katika injini ya dizeli, takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta ndiyo inayozungusha shafti. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki hupasha moto injini yenyewe. Kwa hiyo jenereta ya kilowati 10 za umeme ina kilowati 10 hivi za joto la injini la kutupa, ukiacha la moshi. Gari hulitupa lake hewani kwa rejeta na feni. Chumba cha injini cha boti hakina upepo, lakini nje ya ubao kuna maji yasiyokwisha, na ujazo uleule wa maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Lita 20 za maji ya bahari kwa dakika hubeba kilowati hizo 10 huku zikipanda nyuzi 7 tu hivi.

Katika jenereta nyingi za leo, maji ya chumvi hayaingii kwenye injini. Hupita koki ya chini ya boti, chujio, pampu, kisha kibadilisha joto, ambamo hupishana na kulanti, kiowevu kinachopoza injini, huku ukuta mwembamba wa mirija ukiyatenganisha. Yakitoka humo humwagwa ndani ya ekzosi. Moshi wenye joto la mamia ya nyuzi hupoa papo hapo, ndiyo maana bomba la mbele yake huweza kuwa la mpira. Maji yakikatika, bomba hilo huungua, na moshi wenye kaboni monoksaidi unaweza kuingia wanamolala watu.

Pampu yenyewe ni nyumba ya shaba nyeusi, ya duara, ila sehemu moja ya ukuta wake imetuna kwa ndani. Impela hukaa katikati na mapanga yake ya mpira. Kila panga likifika kwenye tuta hilo hupinda. Likilivuka hunyooka, nafasi kati yake na jirani yake hupanuka, na maji hufyonzwa kuijaza. Likizunguka na kulirudia tuta, nafasi hubanwa na maji husukumwa nje. Hakuna vali yoyote. Na kwa kuwa mapanga hugusa ukuta muda wote, pampu hunyonya hata hewa iliyomo bombani mpaka maji yafike yenyewe.

Mpira unaotumika sana ni neoprini, uliotengenezwa mwaka 1930 katika maabara za kampuni ya DuPont, Marekani, na Arnold Collins, mkemia wa kundi la Wallace Carothers. Unavumilia chumvi, na huvumilia oili kuliko mpira wa asili. Usichovumilia ni msuguano mkavu. Kinacholainisha mapanga ni maji yaleyale yanayosukumwa. Yakikosekana, ncha huungua, hukakamaa na kukatika, wakati mwingine kabla dakika haijaisha.

Kwa hiyo, impela iliyochanika kabla ya wakati wake imeuawa, na ukiweka mpya bila kumtafuta muuaji, nayo itakufa. Huenda koki ilisahaulika imefungwa. Huenda mfuko wa plastiki au mwani umeziba mdomo wa maji, au mfuniko wa chujio unavuta hewa. Katika pwani yetu, ambako maji ya kaskazi hukaribia nyuzi 30, kizuizi kidogo tu hupunguza nafuu iliyokuwapo.

Kubadilisha si kazi ngumu. Funga koki, tenga betri ili jenereta isiwake mikono ikiwa ndani, kisha legeza skrubu za mfuniko. Impela huchomolewa kwa kifaa chake. Bisibisi mbili pia hufanya kazi, lakini hukwaruza nyumba. Hesabu mapanga. Kama moja halipo, limeenda na maji, na aghalabu hukwama mdomoni mwa kibadilisha joto; lisipotolewa, injini itaendelea kuchemka hata kwa impela mpya. Mapanga yakiwa mazima, shika mpira na uzungushe kitovu chake cha shaba: vikiachana, shafti ilikuwa ikizunguka peke yake.

Impela mpya hupakwa glisarini au maji ya sabuni, kamwe si grisi ya petroli, na huingizwa kwa kuzungushwa upande inakozungukia shafti. Gasketi iwe ya unene uleule, kwani ndiyo inayopima mwanya kati ya impela na mfuniko. Fungua koki, washa, na maji yasipotoka ekzosi ndani ya nusu dakika, zima. Usingoje geji ya joto; hiyo husema baadaye.

Pampu nzima hubadilishwa nyumba ikishachimbika mifereji, au shafti ikiliwa pale inapokaa sili. Chini ya pampu kuna tundu dogo, kati ya sili ya maji na sili ya oili. Likidondosha maji, sili ya maji imekwisha. Likidondosha oili, ni ile nyingine. Wapo wanaoliziba kwa silikoni ili sakafu ibaki kavu. Maji hayo hupenya hadi kwenye injini, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, beringi huanza kulika, na sili ya bei ndogo huwa imemgharimu mwenye boti injini nzima.