Utangulizi: Silaha na Ushindani wa Mataifa, Tukianzia Getembe

Wengi wanaoingia katika somo la teknolojia ya kijeshi huanza na orodha: kombora hili hufika wapi, ndege ile hubeba nini, taifa gani lina nyingi zaidi. Mijadala ya vijana kwenye mabaraza ya Kisii, mji tunaouita pia Getembe, na Nyamira huendeshwa hivyo pia, na nakiri inanoga. Lakini orodha haimwelezi mtu kwa nini taifa moja lina silaha na jingine halina, wala kwa nini mwenye silaha bora wakati mwingine hushindwa. Kitabu hiki kinashughulika na hayo mawili. Karibu, na usiogope: huhitaji fizikia, wala huhitaji kuwa umewahi kushika bunduki. Historia ya nyumbani inatosha kutuingiza.

Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, serikali ya Waingereza ilituma askari kuwaadhibu Abagusii, wenyeji wa vilima vya Kisii. Safari ile ya pili ilitokana na Otenyo wa Kitutu, aliyemchoma mkuki afisa wa serikali, Geoffry Northcote, mnamo Januari 1908. Wazee husimulia kwamba aliyemtia moyo ni nabii Moraa. Northcote alipona, na miaka thelathini hivi baadaye tunamkuta akiwa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa.

Askari wa safari hizo walikuja na bunduki ya rashasha ya Maxim. Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwa Kisii siku hizo, aliandika baadaye kwamba bunduki hiyo ilifyatuliwa mfululizo hata ikakaribia kuiva kwa moto. Usiipite sentensi hiyo haraka. Mtutu wa Maxim umevikwa koti la chuma lenye maji, lita nne hivi, ili kuupoza. Bunduki yenyewe hutoa risasi zipatazo 500 au 600 kwa dakika. Ukiiacha ifyatue bila kupumzika, baada ya dakika moja au mbili maji yanachemka kama ya ugali, na yakiisha lazima mtu ayaongeze. Foran alikuwa anasimulia mapigano, kumbe ametuachia kipimo cha risasi zilizomiminwa juu ya watu wenye mikuki na ngao. Hata London walishtuka. Winston Churchill, wakati huo naibu wa waziri wa makoloni, aliposoma taarifa za 1908 alituma ujumbe kuhoji kwa nini watu wasio na kinga wanauawa kwa wingi namna ile.

Vitabu vingi huishia hapo: mkuki ulikutana na Maxim, basi. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza. Maxim ilibuniwa mwaka 1884. Ilipandaje hadi vilima vya Kitutu? Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Kwa reli hiyo zililetwa meli zikiwa vipande vipande, kama Winifred, zikaunganishwa Kisumu na kuteremshwa ziwani. Reli na meli ndizo zilizoleta askari, masanduku ya risasi na chakula chao karibu na nchi ya Abagusii. Bila hizo, Maxim ni chuma kizito kinachongoja risasi.

Halafu kuna karatasi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia pia uuzaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Gusii imo ndani ya mpaka huo. Imo pia Ethiopia, lakini mfalme wake Menelik alijua kucheza na wivu wa Wafaransa, Warusi na Waitaliano wenyewe, akajipatia bunduki kwa maelfu, na mwaka 1896 akawashinda Waitaliano pale Adwa. Abagusii hawakuwa na pwani wala wajumbe wa mataifa hasimu waliokuja kuwabembeleza. Tofauti ya Adwa na Kitutu, kwa maoni yangu, inaelezwa na mkataba na masoko kuliko na ujasiri wa mtu yeyote.

Miaka sita baada ya Otenyo, rashasha zikaelekezana zenyewe kwa zenyewe. Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka na kuingia mji wa Kisii. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza) walisafirishwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka Kendu, wakapanda milima. Tarehe 12 walipigana kutwa nzima juu ya mji. Kapteni wa Keya, Thornycroft, aliuawa, na usiku ulipoingia pande zote mbili ziliondoka. Mji ukabaki hauna mwenyewe. Watu waliingia madukani, ofisini na kwenye misheni, wakachukua walichotaka; serikali iliporudi iliwatoza ng'ombe.

Ukishazoea kufuata reli, mikataba na masoko namna hii, habari za leo zitakusomeka kwa njia nyingine. Mwaka 1987 mataifa kadhaa yalikubaliana kudhibiti uuzaji wa makombora, na Marekani ikayataja makubaliano hayo kwa miaka mingi kila iliposita kuuza droni kubwa zenye silaha. China, ambayo si mwanachama, ikaingia sokoni. Uturuki ikafuata na Bayraktar TB2, ndogo na nafuu zaidi, ambayo Ethiopia iliitumia katika vita vya Tigray. Brussels ya 1890 hiyo, ila safari hii wauzaji ni wengi. Swali la kumuuliza mnunuzi yeyote, Kenya ikiwemo, ni nani atakayeleta vipuri mwaka wa tano, nani anamiliki programu inayoendesha mtambo, na picha zinazopigwa na kamera zake zinahifadhiwa nchi gani.

Djibouti utaikuta mara nyingi humu: Marekani ina kambi ya Lemonnier, na tangu 2017 China ina kambi yake kilomita chache kutoka hapo. Mwaka 2018 Wamarekani walilalamika kwamba marubani wao wanamulikwa macho kwa miale ya leza, nao Wachina wakakanusha. Utakuta pia Manda, kaunti ya Lamu, ambako tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wenye vyombo vya upelelezi vya Marekani, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege kadhaa. Ndege zilizotengenezwa kuona kila kitu kutoka angani ziliteketezwa zikiwa chini, na watu waliotembea kwa miguu.

Neno kuhusu vyanzo. Robert Maxon ameandika kwa kina juu ya Abagusii na Waingereza, na Daniel Headrick ndiye wa kuanza naye kuhusu silaha na himaya. Wasome, kisha uwasikilize wazee wa Kitutu, kwa kuwa taarifa za maafisa ni hodari zaidi katika kuhesabu mifugo iliyotwaliwa kuliko watu waliouawa. Masimulizi ya wazee nayo hayakubaliani kuhusu Otenyo: wapo wanaosema kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Usikimbilie kuchagua upande.

Sura za hesabu za makombora, ya sita na ya saba, unaweza kuziruka mara ya kwanza. Sura ya reli usiiruke.