Mulhouse: Magari ya Bugatti yaliyofichwa katika kiwanda cha sufu

Msafiri anayevuka mto Rhine kutoka kusini magharibi mwa Ujerumani na kuingia Ufaransa hachukui muda mrefu kufika Mulhouse, mji wa viwanda uliojipatia sifa tangu karne ya 18 kwa kuchapa nakshi juu ya vitambaa vya pamba. Viwanda vingi vya nguo vya mji huo vimekwisha kufungwa. Ndani ya kimojawapo, ambacho zamani kilisokota nyuzi za sufu, sasa yamehifadhiwa magari ya kale zaidi ya 400, na zaidi ya mia moja kati yake ni ya aina moja tu, Bugatti. Wageni huenda kuyatazama kwa uzuri wake. Ila magari hayo yamebaki pamoja kwa sababu ya mgogoro wa kazi, na waliokuwa katikati ya mgogoro huo hawakuwa wapenzi wa magari.

Wenye kiwanda walikuwa ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, waliozaliwa Omegna nchini Italia mwaka 1904 na 1906. Baba yao alikuwa Mswisi, na mama yao, Jeanne, alikuwa mwenyeji wa Mulhouse, ambako ndiko walikolelewa. Fritz alianza kwa biashara ya sufu, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ndugu hao wakawa wanamiliki viwanda kadhaa katika jimbo la Alsace. Hicho cha Mulhouse walikinunua mwaka 1957. Hans alishughulika zaidi na hesabu. Fritz ndiye aliyekuwa na uchu wa magari.

Ili kuuelewa uchu huo, ni lazima kwanza kuielewa Bugatti. Ettore Bugatti, mzaliwa wa Milan, alifungua karakana yake mwaka 1909 huko Molsheim, katika Alsace hiyo hiyo, wakati jimbo hilo lilipokuwa chini ya Ujerumani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza karakana ikajikuta iko Ufaransa bila ya kuhama hata hatua moja. Magari yake yalikuwa machache na ya ghali, na lile la mashindano lililoitwa Type 35, lililotoka mwaka 1924, lilinyakua ushindi kila upande wa Ulaya. Ettore alifariki mwaka 1947, na kampuni haikuinuka tena. Kufikia miaka ya 1960 Bugatti lilikuwa, machoni mwa watu wengi, gari kuukuu tu ambalo vipuri vyake havipatikani.

Fritz Schlumpf aliliona hilo kuwa ni fursa. Aliwaandikia barua wamiliki wa Bugatti katika nchi mbalimbali, akitaka kununua. Aliponunua hakuchukua gari moja moja. Mwaka 1963 alipata magari kadhaa kutoka karakana yenyewe ya Molsheim. Mwaka uliofuata alinunua Bugatti zipatazo 30 kwa mkupuo kutoka kwa tajiri mmoja wa jimbo la Illinois nchini Marekani, John Shakespeare, nazo zikasafirishwa kwa treni na kisha kwa meli hadi Ulaya.

Katika manunuzi hayo mawili yalikuwamo magari mawili ya Royale, na hapa inafaa kutua kidogo. Royale lilikusudiwa wafalme. Urefu wake ni kama mita sita, uzito wake karibu tani tatu, na injini yake ni ya lita 12.7, ukubwa unaotosha lori. Hata hivyo hakuna mfalme aliyelinunua. Mdororo wa uchumi ulilikuta gari hilo sokoni, yakatengenezwa sita tu, na matatu ndiyo yaliyopata wateja. Injini zilizobakia zilifungwa katika mabehewa ya reli ya Ufaransa, ambako zilibeba abiria wa kawaida. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili baadhi ya magari hayo sita yalifichwa nyuma ya ukuta uliojengwa makusudi, yasichukuliwe na jeshi la Kijerumani. Aliyopata Fritz ni haya: moja alilolitumia Ettore mwenyewe, na jingine lililouzwa Uingereza mwaka 1933.

Ndani ya kiwanda cha Mulhouse mafundi waliyatengeneza magari hayo kwa siri. Kumbi za sufu ziligeuzwa kuwa njia za bustani, zikasimikwa mamia ya nguzo za taa zilizoiga zile za daraja la Alexandre III mjini Paris. Yote hayo yalifanyika huku mishahara ya wasokotaji ikiwa midogo.

Katika miaka ya 1970 viwanda vya nguo vya Ulaya vilizidiwa na ushindani, na vya ndugu Schlumpf havikusalimika. Mwaka 1976 wafanyakazi walianza kuachishwa kazi, mgomo ukazuka, na ndugu hao wakakimbilia Basel, Uswisi, umbali wa takriban kilomita 30. Tarehe 7 Machi 1977 wafanyakazi, wakiongozwa na chama chao cha CFDT, waliingia katika jengo lililokuwa limefungwa. Waliambiwa kwamba kampuni haina fedha. Mbele yao zikasimama safu kwa safu za magari yaliyong'arishwa.

Hasira yao haihitaji kuelezwa. Gari moja dogo la Austin, lililokuwa bovu, lilichomwa moto ili serikali na magazeti wasikie. Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba hawakuendelea kuchoma. Waliukalia ukumbi huo kwa miaka miwili, wakaupa jina la jumba la wafanyakazi, wakawafungulia watu milango na kukusanya michango kwa ajili ya familia zilizokosa kipato. Walijua vyema kwamba magari hayo ndiyo mali pekee iliyobaki ya kudai haki zao.

Wadai wa kampuni walitarajia mnada. Kama ungefanyika, magari yangetawanyika duniani na mkusanyiko ungekufa. Mwaka 1978 Baraza la Dola la Ufaransa, ambalo ndilo mahakama ya juu ya masuala ya utawala, liliuweka mkusanyiko mzima katika orodha ya kumbukumbu za kihistoria, hivyo haukuweza tena kuvunjwa wala kutolewa nchini. Mwezi Machi 1979 wafanyakazi waliondoka. Mwaka 1981 mji wa Mulhouse, jimbo na taasisi nyingine waliununua kwa faranga milioni 44, fedha zilizoingia katika ufilisi wa kampuni, na Julai 1982 jumba la makumbusho likafunguliwa kwa umma.

Bei hiyo ilikuwa ndogo kiasi gani, ilidhihirika muda si mrefu. Mwaka 1987 Royale moja, mojawapo ya yale yaliyofichwa ukutani, liliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 5.5. Kwa viwango vya fedha vya wakati huo, gari hilo peke yake lilipita thamani iliyolipwa kwa magari yote ya Mulhouse.

Hans Schlumpf alifariki mwaka 1989 na Fritz mwaka 1992. Walidai mpaka mwisho kwamba walidhulumiwa, na baada ya kesi jina lao liliongezwa katika jina rasmi la makumbusho. Ndani ya jengo lipo pia ukumbusho wa mama yao Jeanne, ambaye Fritz aliutunukia mkusanyiko huo. Wasokotaji wa sufu hawatajwi katika jina hilo.